Chaos, mess, havoc, riot: kila fujo ya Kiingereza ina mahali pake

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwandishi wa habari chipukizi hapa Mwanza, naandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Kila ninapotafuta ‘chaos’, ‘mess’, ‘disorder’, ‘havoc’, ‘mayhem’, ‘shambles’, ‘bedlam’, ‘pandemonium’, ‘anarchy’ na ‘riot’, kamusi yangu inanirudishia maneno yaleyale: fujo, vurugu, ghasia. Juzi mhariri alinikatia sentensi mbili. Moja ilihusu meza ya ofisi ya kijiji iliyojaa mafaili, nikaandika ‘The desk was in anarchy’. Ya pili ilihusu abiria waliogombania mabasi kuelekea Krismasi, nikaandika ‘There was a riot at the bus terminal’. Hakunipa sababu. Naomba unifafanulie, nimechoka kubahatisha.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mhariri alifanya sawa kukata, ila alikuwa na deni la kukueleza, kwa sababu sentensi zako mbili hazina kosa la aina moja. Ya meza ni kosa la lugha tu, msomaji angeguna na kuendelea. Ya stendi ingewapaka abiria jinai ambayo hawakuitenda.

Kabla hujafungua kamusi, jiulize: ni utaratibu gani uliovunjika? Ni vitu vimekosa mpangilio, au ni makelele? Kuna watu wameumizwa? Mali imeharibiwa? Hakuna mwenye mamlaka? Kundi la watu limevunja sheria? Kiingereza kina neno lake kwa kila hali kati ya hizo, na mengi ya maneno hayo bado yanabeba kazi yaliyofanya mwanzoni, hata kama msemaji wa leo haijui. Ukiijua kazi hiyo ya kwanza, mara nyingi utajua neno linakaa wapi.

Tuanze na meza. Hapo ungeandika ‘The desk was a mess’ na mhariri asingegusa kitu. Neno ‘mess’ lilianzia kwenye chakula: katika Kifaransa cha kale lilikuwa chakula kilicholetwa mezani. Ndiyo maana maofisa wa jeshi hadi leo wanakula mesi, na ndiyo maana Waingereza husema Esau aliuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa ‘a mess of pottage’, yaani bakuli la mchuzi wa dengu. Baadaye likawa chakula kilichochanganywa ovyo, na kufikia karne ya 19 likawa hali yoyote iliyovurugika. Kiswahili chake ni shaghalabaghala au mchafukoge. Linafaa kwa meza, jikoni, mahesabu ya kikundi, hata ndoa.

Jirani yake ni ‘clutter’, na hapa wengi hujikwaa. ‘Clutter’ ni vitu vingi kuliko nafasi. Kila faili laweza kuwa safi, limefungwa vizuri na lina namba yake, lakini kama yamerundikana hadi karani hana pa kuweka kikombe cha chai, hiyo ni ‘clutter’. ‘Mess’ humlaumu mtu aliyevuruga, ‘clutter’ hulaumu wingi. Kwa ofisi ya kijiji isiyo na kabati, ‘clutter’ lingekuwa neno la haki zaidi kwa karani, kwa hiyo rudi uangalie ulichokiona.

Halafu kuna ‘shambles’. Mzizi wake ni kibao au kiti kifupi. Kibao kikawa cha kuuzia nyama, kisha neno likahamia kwenye soko la nyama, kisha machinjioni, kisha mahali popote palipotapakaa damu na miili, kama uwanja wa vita. Mjini York, kaskazini mwa Uingereza, uko mtaa mwembamba unaoitwa The Shambles uliokuwa wa wauza nyama. Baadhi ya maduka yake bado yana kulabu nje na vibao vipana chini ya madirisha, palipokuwa pakipangwa nyama. Katika karne ya 20 damu ilikauka kwenye neno hili likabaki na maana ya mambo yaliyoparaganyika vibaya: ‘The tournament was a shambles’, yaani mashindano yaliendeshwa hovyo kabisa. Kumbuka s yake ya mwisho haimaanishi wingi, husemwa ‘a shambles’ kwa kitu kimoja. ‘Shambles’ huhukumu uendeshaji. Kamati iliyosahau kuleta mipira, waamuzi hawajalipwa, ratiba imebadilishwa usiku: hapo ndipo mahali pake.

‘Disarray’ ni laini kuliko hilo. Ni neno la safu iliyovunjika, kama askari waliotoka kwenye mstari, na hukaa vizuri kwenye chama cha siasa kilichogawanyika au nywele zilizotimka. Mparaganyiko, basi.

Sasa tuingie kwenye maneno yenye majeraha. ‘Mayhem’ lilikuwa jina la kosa la jinai katika sheria ya Uingereza, na ni ndugu wa ‘maim’, yaani kumtia mtu kilema. Lakini haikuwa kilema chochote. Mwanasheria William Blackstone, aliyechapisha vitabu vyake kati ya 1765 na 1769, anaeleza kwamba ‘mayhem’ ni kumharibia mtu kiungo kinachomsaidia kupigana au kujilinda. Kumkata mkono au kidole, kumtoboa jicho, kumng’oa jino la mbele, yote hayo yalihesabiwa. Kumkata sikio au pua hakukuhesabiwa, kwa sababu mtu asiye na sikio ameharibika sura tu, bado anaweza kushika upanga. Mfalme alikuwa akihesabu askari wake. Kosa hili bado limo kwa jina hilohilo katika sheria za jinai za jimbo la California, Marekani.

Kwa hiyo ‘mayhem’ huja na vurugu inayoumiza, au walau inayotisha kuumiza. Magazeti yamelilegeza sana, utasoma ‘mayhem’ kwenye mnada wa bei nafuu ambako hakuna aliyekwaruzwa. Mimi silikubali hilo katika habari. Likitumika kwa watu kusukumana dukani, utaandika nini siku ambayo watu wamekatwa mapanga?

‘Havoc’ huchanganywa na ‘mayhem’, lakini hili liko kwenye uharibifu zaidi kuliko majeraha. Lilikuwa sauti ya vitani. Kamanda akipiga ukelele wa ‘havoc’, askari walikuwa wameruhusiwa kuacha safu na kupora. Ukelele huo ulikuwa na hatari kwa jeshi lenyewe, maana askari anayebeba mitungi na magodoro hapigani tena, na mwaka 1385 Mfalme Richard wa Pili aliweka amri kwa jeshi lake kwamba atakayeupiga atakatwa kichwa. Shakespeare alimpa Antonio maneno hayo mbele ya maiti ya Kaisari, ‘Cry havoc’, katika tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Hakuna kamanda anayepiga ukelele huo leo, lakini tabia ya neno ni ileile: kitu kimefunguliwa kikapita kikiharibu. Mafuriko, nzige, virusi vya kompyuta, mvua za El Niño kwenye barabara za changarawe, vyote hufanya ‘havoc’. Kitenzi chake ni ‘wreak’: ‘The floods wreaked havoc on the roads’. Kuna ‘play havoc with’ pia, ambacho ni chepesi zaidi, kama kukatika kwa umeme kunavyovuruga ratiba ya mashine ya kusaga. Mtu hasemi ‘There was havoc in my drawer’, kwa kuwa droo haikuvamiwa na kitu.

Maneno mawili katika orodha yako ni ya masikio: ‘pandemonium’ na ‘bedlam’. Kama hapakuwa na kelele, usiyaguse. La kwanza lilibuniwa na mshairi John Milton katika utenzi wake mkubwa wa mwaka 1667, kuwa jina la makao makuu ya Shetani huko Jehanamu, kwa kuunganisha maneno ya kale yenye maana ya ‘yote’ na ‘pepo’. Leo ‘pandemonium’ ni mlipuko wa ghafla wa sauti na watu kukimbia huku na huko, na si lazima uwe mbaya. Bao likifungwa dakika ya 90 Uwanja wa Mkapa, ‘Pandemonium broke out’ ni sentensi sahihi kabisa. Zogo, hekaheka, sokomoko, chagua kulingana na tukio.

‘Bedlam’ naomba ulikae nalo kidogo. Mwaka 1247 ilianzishwa London nyumba ya kidini ya Mtakatifu Maria wa Bethlehemu. Baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na midomo ya Waingereza ikalifupisha Bethlehemu kuwa Bedlam. Katika karne ya 18 watu wa mjini walikuwa wakienda huko kutembea na kutazama wagonjwa waliofungwa minyororo, na fedha za wageni zilisaidia kuendesha hospitali. Kelele za mateso ya watu wale ndizo zilizozaa maana ya leo ya makelele na rabsha. Hospitali yenyewe bado ipo, imehamahama na sasa iko kusini mwa London ikitibu watu kwa heshima, na moja ya majengo yake ya zamani ni jumba la makumbusho ya vita.

Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapa. Tuna hospitali ya Mirembe pale Dodoma, na unajua vizuri jina lake linavyotupwa vijiweni mtu anapotaka kumdhihaki mwenzake. Kenya wanafanya hivyohivyo kwa Mathari. Tofauti ni kwamba Kiingereza kimelifanya tusi hilo kuwa neno la kamusi na wengi wanalisema bila nia mbaya. Unaweza kulitumia kwa darasa la watoto waliopagawa siku ya kufunga shule, lakini katika habari inayogusa afya ya akili, hata kwa mbali, liache. Ndugu wa mgonjwa anasoma gazeti pia.

Nafika kwenye ‘chaos’, neno unalolipenda kuliko yote, kama waandishi wengi. Kwa Wagiriki wa kale halikuwa fujo, lilikuwa shimo, uwazi mtupu uliokuwapo kabla ya kitu chochote. Ukitaka kulihisi, fungua Mwanzo 1:2 katika Biblia yetu: ‘Nayo nchi ilikuwa ukiwa, tena utupu’. Kutoka hapo Kiingereza kililifanya kuwa hali ambayo hakuna mpango wowote unaoonekana, ambayo mtu akiingia hajui aanzie wapi. ‘Mess’ unaweza kuipanga asubuhi moja. ‘Chaos’ inakushinda, kwa sababu mambo mengi yanatokea kwa pamoja na hakuna anayeyaongoza. Ndiyo maana stendi yako iliingia hapa: mabasi yamechelewa, tiketi zimeuzwa mara mbili, wapiga debe wanavuta mizigo, watu wanapitia madirishani. ‘There was chaos at the bus terminal’, au vizuri zaidi, ‘Passengers scrambled for seats’, kisha eleza ulichokiona.

Wanasayansi wana ‘chaos’ yao na usiichanganye na hii. Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz, wa chuo cha MIT huko Marekani, alitaka kurudia hesabu za hewa alizokuwa akizifanya kwa kompyuta. Badala ya kuingiza 0.506127 aliingiza 0.506, kama ilivyoandikwa kwenye karatasi iliyotoka kwenye mashine. Tofauti haifiki hata sehemu moja ya elfu. Hesabu zilianza kufuatana na zile za mwanzo, kisha zikaachana, mwishowe zikawa hali mbili za hewa zisizofanana hata kidogo. Alichapisha matokeo mwaka 1963. Katika ‘chaos’ hiyo kanuni zipo na zinafuatwa bila kukosea, ila tofauti ndogo mwanzoni hukua hadi utabiri wa mbali ukawa hauwezekani. Mtaalamu wa hewa akikwambia mfumo ni ‘chaotic’, hakwambii kwamba hauna kanuni. Ukimtafsiri kwa ‘fujo’ utakuwa umempa maneno ambayo hakuyasema.

‘Anarchy’ ni kukosekana kwa mtawala, si kukosekana kwa mpangilio. Meza haitawaliwi, kwa hiyo haiwezi kuwa nayo. Waingereza huita ‘The Anarchy’ miaka ya 1135 hadi 1153, ambapo Stephen na Matilda waligombea kiti cha ufalme na mabwana wakajijengea ngome na kujiamulia mambo. Na wapo waliolichukua neno hilo kwa fahari: Mfaransa Pierre-Joseph Proudhon alijitangaza kuwa ‘anarchist’ mwaka 1840, akiamini watu wanaweza kuishi kwa mapatano bila serikali juu yao. Kwa hiyo ukilitumia kumaanisha fujo tu, unabishana na wafuasi wake bila kujua.

Sasa ‘riot’, na hapa sitaki upite haraka, maana ndipo kalamu yako inapoweza kumfunga mtu.

Kwa Kiingereza cha mtaani ‘riot’ ni kundi lililofanya vurugu barabarani. Kwa sheria ni kosa lenye masharti. Zamani Uingereza ilikuwa na Riot Act ya mwaka 1714: watu 12 au zaidi wakikusanyika kwa fujo, ofisa aliwasomea tangazo kwa sauti, na waliobaki saa moja baada ya hapo walikuwa wanacheza na kitanzi. Sheria ya Uingereza ya 1986 imebakiza idadi hiyo ya 12, na inataka pia wawe na lengo moja na watumie au watishie kutumia nguvu kwa namna ya kumtia hofu mtu wa kawaida. Adhabu yake yaweza kufika miaka 10 jela. Wakiwa 3 au zaidi, bila kulazimika kuwa na lengo moja, kosa ni ‘violent disorder’, na kilele chake ni miaka 5. Ndiyo maana polisi wa Uingereza hupenda kusema ‘disorder’ pale magazeti yanaposema ‘riots’. Kuna na fedha ndani yake: duka likichomwa katika tukio ambalo kisheria ni ‘riot’, mwenye duka anaweza kudai fidia kwa mamlaka ya polisi, chini ya sheria ya 1886 na sasa ile ya 2016. Neno moja linaweza kuamua nani anajenga upya duka lile.

Kwetu idadi ni ndogo zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 74, na ya Kenya, kifungu cha 78, zote zinaanzia watu watatu kwa mkusanyiko usio halali, na mkusanyiko huo ukianza kutekeleza lengo lake kwa kuvunja amani unakuwa ‘riot’. Watu watatu tu. Abiria wako wa Krismasi walikuwa wanagombea viti waende nyumbani, lengo lao halali, ugomvi wao wa foleni. Ukiwaita ‘rioters’ umewashtaki wote, pamoja na mama aliyembeba mtoto mgongoni.

Historia inaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 1989 katika uwanja wa Hillsborough, Sheffield, mashabiki wa Liverpool walibanwa kwenye uzio, na waliokufa kwa majeraha ya siku ile wamefikia 97. Siku ileile kamanda wa polisi alidai mashabiki walilivunja lango, ilhali lilifunguliwa kwa amri yake, na kwa miaka mingi marehemu walisimuliwa kama wahuni. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na lawama. Kwa sababu hizohizo wataalamu wa usalama wa mikusanyiko hawapendi hata ‘stampede’, tunaloliita mkanyagano, kwani linawapa waliokufa picha ya ng’ombe waliokurupuka. Wao husema ‘crowd crush’, watu kubanwa, kwa sababu wanaobanwa hawakutaka iwe hivyo.

Kosa la upande wa pili ni kupunguza. ‘Unrest’ ni neno la polepole: migomo, maandamano, hasira ya wiki au miezi, na halisemi nani alimfanya nani nini. Serikali hulipenda kwa hiyo. Kenya mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, tume ya uchunguzi ilihesabu vifo 1,133. Kuandika ‘unrest’ hapo ni kufunika makaburi. Jina lililoshika ni ‘post-election violence’, ghasia za baada ya uchaguzi, na ni jina linalokubali kwamba damu ilimwagika. Kama waliopiga risasi ni polisi, hata hilo halitoshi peke yake, andika nani alipiga. ‘Turmoil’ nalo liweke kwa misukosuko ya muda mrefu, ya soko la fedha, ya chama, ya moyo wa mtu, si kwa jioni moja ya mabomu ya machozi.

‘Disorder’ lina kazi nyingine hospitalini, na hutaikwepa ukiandika habari za afya. ‘Eating disorder’, ‘bipolar disorder’: hapo ni hitilafu katika namna mwili au akili inavyofanya kazi, na halina harufu ya fujo wala lawama. Usiandike kwamba mgonjwa ana ‘vurugu za akili’. Tatizo la afya ya akili linatosha, na jina la ugonjwa wenyewe likijulikana ni bora zaidi.

Mwisho, sarufi, kwa kuwa nimeona waandishi wazuri wakiponzwa nayo. ‘Mess’, ‘shambles’ na ‘riot’ huchukua ‘a’ mbele: ‘a mess’, ‘a shambles’, ‘a riot’. ‘Chaos’, ‘havoc’, ‘mayhem’, ‘clutter’, ‘anarchy’ na ‘unrest’ hayachukui, na hayana wingi. ‘Bedlam’ na ‘pandemonium’ yaandike hivyohivyo pia. Usiandike ‘a chaos’ wala ‘many havocs’. Na ‘wreak’ hutamkwa ‘riik’, wakati uliopita ni ‘wreaked’. Ukikutana na ‘wrought havoc’ gazetini usishtuke, wengi wanaandika hivyo, lakini ‘wrought’ ni mtoto wa ‘work’ na wahariri wakali wataikata.